Joto la Nyumba Yangu Liko Dar es Salaam

Jumapili, mvua.

Siyo mvua ya kunyesha ikaisha. Ni ile ya Januari ya hapa Guangzhou, nyembamba kama imepulizwa kwa chupa ya dawa, inakulowesha na hata huisikii. Watu wa nyumbani wakiona picha zangu nimevaa koti refu huniuliza kama kuna theluji. Hakuna. Kuna baridi yenye maji ndani yake. Inapanda kutoka kwenye vigae, inaingia kwenye godoro, na nguo ukizianika zinakaa siku kadhaa na bado zinanuka ubichi.

Sijui leo namwandikia nani. Wengi wenu mlianza kunisoma kwa ajili ya bei za jinzi na habari za makontena. Leo sina bei. Na kama mume wangu anasoma, asome.

Nianze na mashine.

Nyumba nyingi za huku kusini hazina kitu cha kuleta joto. Kuna viyoyozi vya kupoza tu, kwa sababu kiangazi ndicho kinachoogopwa. Tulipohamia hii nyumba yetu ya Sanyuanli, Shabani alifunga mashine ya darini inayotoa baridi na joto. Kila chumba cha kulala kina mdomo wake wa hewa, na sebuleni kuna kibao ukutani kinachoonyesha nyuzi za joto na kasi ya feni ya kila chumba. Siku fundi alipomaliza kazi, Shabani alisimama nyuma yangu, mkono wake juu ya mkono wangu, akaniongoza vidole. "Weka ishirini na mbili, feni ndogo," akaniambia. "Usikimbilie feni kubwa. Mashine ikiwa haijapata moto itakupulizia baridi tupu."

Nataka kuwa mkweli, ndiyo maana naliandika hilo. Kuna siku alinifundisha namna ya kujipasha joto.

Kabla hajaenda Dar kushughulikia mizigo bandarini, alikifunga kile kibao. Ikatokea alama ndogo ya kufuli, na tangu hapo kila kitu kikawa kwenye simu yake. Alisema mimi husahau kuzima. Nikacheka, maana ni kweli husahau.

Mwanzo ilikuwa raha. Nilikuwa nikirudi kutoka Xintang, kwenye karakana za jinzi, miguu imekufa ganzi, nafungua mlango na nyumba ina joto kama mtu amenikumbatia. Shabani yuko Dar anatokwa jasho, lakini amekumbuka kuniwashia. Nilimsimulia Neema, rafiki yangu wa Mwanza mwenye ofisi ya vifaa vya umeme pale jengo la Tianxiu. Nilijigamba hasa. Neema akaniuliza, "Na ukitaka kuzima wewe?" Nikamwona ana wivu.

Kisha siku moja sikupokea simu yake. Nilikuwa ndani ya karakana, vyerehani vinanguruma, sikusikia chochote. Niliporudi nyumbani, chumba chetu kilikuwa kinapuliza. Baridi, siyo joto. Kibao kinaonyesha kumi na sita, feni juu kabisa. Nikabonyeza, kufuli likawaka na kuzima. Nikabonyeza tena. Nikajua mashine imeharibika, nikampigia.

Alicheka taratibu. "Umepata hewa? Labda sasa masikio yatazibuka."

Nilidhani ni utani.

Ikawa mazoea. Nikajifunza kumsoma mume wangu kwenye kibao kama wengine wanavyosoma uso. Ishirini na nne, feni ndogo: ameridhika. Kumi na nane, feni ya kati: nimemjibu kwa mkato. Baridi na feni juu: kuna mtu amemwambia ameniona mtaa wa Xiaobei nikizungumza na mteja mwanamume.

Mtaniuliza kwa nini sikuzima kwenye swichi kuu. Nilizima, mara moja. Shabani akaona kwenye simu yake kwamba mashine imepotea, akampigia baba yangu Tanga. Akamwambia binti yako anazima mitambo ili nisijue anarudi nyumbani saa ngapi na anarudi na nani. Baba akanipigia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Zulfa, usinidhalilishe uzeeni," akakata. Tangu siku hiyo swichi ile siigusi.

Mtaniuliza pia kwa nini sikununua hita ndogo ya kuchomeka ukutani. Nilinunua. Mama mkwe akaitoa nje, akaiweka kando ya mapipa ya taka, na kabla sijarudi ilikuwa imeshaokotwa.

Ndiyo, mama mkwe yuko hapa. Alikuja mwezi uliopita. Shabani alisema anakuja kunipa kampani nisiwe mpweke. Ni mama mzee, ana magoti na kifua, na huwa anasinzia na tasbihi mkononi. Nilimpokea uwanja wa ndege kwa furaha ya kweli, nikambebea koti jipya. Haikuchukua muda nikajua kazi iliyomleta. Kila jioni humpigia mwanawe, na kwa sababu masikio yake ni mazito huweka sauti kubwa, kwa hiyo nasikia mwenyewe nikisomewa: amevaa nini, ametoka saa ngapi, amepika au amenunua, simu amepokea akiwa jikoni au amefunga mlango.

Jioni moja, chumba changu kikiwa kinapuliza, niligonga kwake. Chake kilikuwa na joto, Shabani hakosei kwa mama yake. Nikamwomba nikae naye kidogo tu, hata chini kwenye mkeka. Alinitazama akiwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Shabani amesema kila mtu akae chumbani kwake."

Akafunga mlango. Nilisimama pale nikisikia mashine yake ikivuma polepole, feni ndogo, joto zuri.

Wiki iliyopita mama akachoka na chumba kidogo. Kitanda chake kinamuumiza mgongo, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Akasema anataka kikubwa, chumba changu na Shabani. "Wewe uko peke yako, kitanda chote kile cha nini?" Nikahamisha mito na mashuka, nguo zangu nikaziacha kwenye kabati kule kule kwa sababu chumba kidogo hakina kabati. Wakati natandika akanishika mkono. "Shabani si lazima ajue. Mambo ya vyumba ni yetu wanawake."

Nikamwelewa. Angemwambiaje mwanawe kwamba amemtoa mkewe kwenye kitanda chao akalala yeye?

Nikaendelea kutandika. Nami sikuwa nimewaza mbali.

Jana nilikwenda Xintang. Karakana zinajiandaa kufunga kwa Mwaka Mpya wa Kichina, na usiposimama mwenyewe mzigo wako unawekwa kando mpaka wafanyakazi warudi kutoka kwao. Laoban, yaani bosi mwenye karakana, alikuwa anarudia neno moja tu, "meiyou, meiyou," hakuna, hakuna, nami nikakaa pale pale mlangoni mpaka fungu langu la mwisho likafungwa. Nilirudi nyumbani isha imeshapita. Mama alikuwa kwenye mswala, simu kando yake. Akasema, "Umerudi." Basi. Nilijua leo kutakuwaje.

Leo ndiyo nataka kuisema.

Asubuhi ilipita kwa amani kwa sababu Dar walikuwa bado wamelala. Kisha, nikiwa kwenye chumba kidogo nakunja nguo nilizoanua, nikasikia feni ya chumba kikubwa ikipanda. Ikiwa juu kabisa inalia kama mtu anapasua kitambaa kisichoisha. Nikasubiri ya kwangu. Mdomo wa hewa juu ya kichwa changu ukafunguka taratibu, na ikashuka hewa ya moto, laini, moja kwa moja shingoni.

Nikatoka kwenda kutazama kibao. Chumba kikubwa: kumi na sita, baridi. Chumba kidogo: ishirini na tano.

Alikuwa ananigandisha mimi na kumstarehesha mama yake. Hakujua tumebadilishana.

Sitadanganya hapa. Nilifurahi. Nilirudi kitandani nikavua soksi. Nikanyoosha miguu chini ya ile hewa na kusikiliza ukutani. Mama alikohoa. Nikasikia kabati likifunguliwa, anatafuta la kujifunika. Akakohoa tena. Nilikuwa na joto, na kila alipokohoa joto langu likawa tamu zaidi.

Baadaye akagonga. Alikuwa amevaa koti nililompokelea uwanja wa ndege, na juu yake khanga mbili, na kichwani taulo.

"Zulfa, mashine ya kule imeharibika. Nipishe nikae hapa kidogo."

Nikamwambia, "Mama, Shabani amesema kila mtu akae chumbani kwake."

Maneno yake yale yale, kwa sauti yake ile ile. Alinitazama. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba mashine ni nzima. Akageuka, akaenda kukaa sebuleni kwenye kochi la ngozi, ambako hakuna mdomo wowote wa hewa na vigae ni kama barafu.

Nilipita mbele yake kwenda jikoni, nikachemsha chai ya tangawizi. Kikombe kimoja.

Akampigia mwanawe, sauti kubwa kama kawaida.

"Shabani, baba, nasikia baridi."

"Baridi gani, mama? Chumba chako nakiona hapa, kiko ishirini na tano. Nikuongezee?"

 Mama akanitazama, nami nimesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe changu.

"Hii baridi inaingia kifuani, mwanangu. Zima ile ya chumba kikubwa."

"Aaa. Amekutuma."

"Hajanituma. Mimi ndiye ninayeumia."

"Mama, una huruma mno, na yeye anajua. Anakutumia. Mwache apigwe na baridi, ataijua saa ya kurudi nyumbani."

"Shabani, nisikilize..."

"Nenda kajifunike, mama. Niachie mimi huyo."

Akakata.

Sijawahi kumwona mtu akitazama simu namna ile. Alikuwa ameomba kwa kinywa chake mwenyewe, kwa mwili wake mwenyewe, na mwanawe hakumsikia. Alinisikia mimi tu. Nilitaka kucheka. Kisha nikaona vidole vyake. Alikuwa anajaribu kuokota tasbihi mapajani na vidole havikunjiki. Zile shanga zinateleza, anazifuata, zinateleza. Midomo imekuwa na rangi ya majivu.

Ule utamu ukaniishia mdomoni.

Nikaweka kikombe chini, nikamshika kwapa, nikampeleka chumba kidogo. Nikamketisha kitandani chini ya hewa ya moto, nikamvua soksi zenye unyevu, nikamsugua miguu. Ni miguu midogo kuliko nilivyodhani. Nikamnywesha ile chai yangu. Alitetemeka mpaka meno yakagonga kikombe. Muda ukapita, rangi ikarudi usoni, akasema bila kunitazama:

"Baba yake Shabani alikuwa akifungia unga kabatini. Ufunguo anatembea nao. Nikimkosea, siku hiyo hatupiki."

"Na Shabani alikuwa anaona?"

"Alikuwa anaona. Alikuwa analia na mimi."

Tukakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje tunakaa chumba kimoja bila mmoja kumchunga mwenzake. Nikajiona nina mama hapa. Nikaona hii nafasi haitarudi. Nikamwambia nampigia Shabani, tumweleze ukweli wote, tuko wawili, atatusikia. Mama hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Aliendelea kusugua magoti, nami nikapiga.

"Shabani, naomba unisikilize bila kukasirika. Wiki iliyopita mama na mimi tulibadilishana vyumba. Hicho unachokipuliza tangu asubuhi ya huko ni chumba chake. Ni mama anayegandishwa. Amekuwa akitetemeka, vidole vilikuwa havikunjiki. Zima, tafadhali."

 Nikasikia mtaa wa Dar nyuma yake, pikipiki, mtu anauza kitu kwa kuimba.

"Mama yuko hapo?"

"Yuko hapa."

"Mpe."

Nikampa simu. Nilikuwa bado nimeshika kisigino chake kwa mkono mmoja.

"Mama. Ni kweli anayosema? Uko chumba kikubwa?"

Alinitazama moja kwa moja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa baridi. Kisha akatazama kitanda, akatazama ukuta. Nadhani alikiona kile kitanda cha pili, kikubwa, cha mwanawe, na jinsi atakavyokuwa mbele ya mwanawe baada ya kusema ndiyo.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mimi niko chumbani kwangu. Kuna joto zuri tu."

"Umesikia, Zulfa?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umefika hapo. Kumsingizia mama yangu."

Akakata. Ng'ambo ya ukuta feni ilizima kidogo, ikawaka tena, na nadhani alitafuta kama kuna kasi nyingine juu ya ile ya mwisho, akakuta hakuna.

Mama hakuomba radhi. Alinirudishia simu akiwa ameifuta kwa khanga. "Nitafanyaje? Ni mwanangu." Kisha akainua miguu kitandani, akajifunika blanketi langu, akageukia ukutani, upande wenye joto.

Sikumpigia kelele. Nilitamani niwe na hasira ya kutosha kupiga kelele.

Niliingia chumba kikubwa kuchukua nguo zangu. Baridi ilinipokea usoni. Pazia lilikuwa linapepea ndani ya chumba kilichofungwa. Nikatoa sanduku chini ya kitanda, nikaanza kukunja, shati moja moja, bila haraka, vidole vinaniuma. Sijui kwa nini sikuharakisha. Labda nilitaka kwa mara ya mwisho kuijua yote, nisije baadaye nikajiambia haikuwa mbaya hivyo. Nilifungasha nguo, pasipoti, risiti zangu za mzigo wa Xintang, na ile picha ya harusi nikaiacha ilipo, inatikisika ukutani.

Nikiwa mlangoni mama akaniita kutoka kitandani. Nikadhani sasa atasema.

"Zulfa. Na mimi nani atanipikia?"

Nikamwambia wali uko kwenye friji na samaki wa jana yuko kwenye bakuli la bluu. Nikamwambia asiguse jiko la gesi bila kufungua dirisha. Nikamwambia akae kwenye chumba kidogo asitoke. Kwaheri sikumpa. Hiyo nimeibakiza, na najua ataikumbuka kuliko vyote.

Nilipanda metro na sanduku langu. Watu wanarudi makwao kwa sikukuu, kila mtu ana sanduku, hakuna aliyenitazama mara mbili.

Sasa niko kwa Neema, Xiaobei. Ni chumba kimoja, kimejaa maboksi ya chaja na spika mpaka dirishani. Hakuniuliza lolote. Hata lile swali lake la kuzima hakunikumbusha, ingawa alikuwa na haki. Alisogeza maboksi, akanitandikia, akavuta hita yake ndogo ya kuchomeka, akapiga magoti mbele yake.

"Niweke ngapi?" akaniuliza.

Sikumjibu. Siyo kwamba sikutaka. Nilitafuta ile namba kichwani nikakuta kuna kumi na sita, kumi na nane, ishirini na nne, zote za Shabani, na hakuna hata moja niliyowahi kuichagua kwa sababu ya ngozi yangu. Neema alisubiri. Alikaa pale amepiga magoti, kidole kwenye kitufe, akasubiri mpaka nikaanza kulia, na bado hakubonyeza.

Baba amepiga. Maana yake Shabani ameshamwambia kwamba namsingizia mama yake. Nimeiacha simu iite mpaka ikanyamaza, na moyo umeniuma kuliko feni yoyote.

Ujumbe wa Shabani umeingia sasa hivi. Neno moja na alama ya kuuliza: "Umejifunza?" Kwa hiyo mama hajamwambia kama nimeondoka. Anaogopa kuulizwa kwa nini. Kwa hiyo kule Sanyuanli ile mashine bado inapuliza chumba kisicho na mtu, na mume wangu amekaa Dar na simu mkononi, ananisubiri niombe.

Sitamjibu. Je, hiyo nayo ni ukatili? Inawezekana. Mama yuko peke yake na kifua chake, na ukuta unaomtenga na ile baridi ni mwembamba. Nikimwandikia Shabani sasa kwamba nimetoka, atazima. Mama atalala vizuri. Naandika sentensi hiyo, naifuta, naiandika tena.

Nimeituma.

"Mimi siko. Zima, mama yako ana kifua."

Amesoma. Hajajibu. Najua hakusadiki.

Kesho asubuhi nina safari ya Xintang kusimamia upakiaji, na nikimaliza nitapitia sokoni niulize vyumba vya kupanga. Nitarudi saa nitakayorudi.